Surafel na Vidonge vyake

Surafel mdogo wangu,

Leo mjinga nilikuwa mimi: nilikwenda zahanati na akili zako kichwani. Nimepitia kuchukua shuka la shemeji yako Woinshet, narudi huko sasa hivi. Wewe unakoroma, kazi pekee unayoiweza.

Shiro, ule mchuzi wa dengu, iko jikoni. Ipashe mwenyewe, haing'ati. ~~Mtoto mpeleke kwa mama.~~ Hapana, mama atauliza maswali. Kaa na mtoto hapahapa. Majirani wakija, sema shemeji yako kaenda sokoni.

Asubuhi nesi alitueleza: mimba bado changa, njia zote mbili za kuitoa ni salama, na mwenye kuchagua ni Woinshet. Ama vidonge, maumivu na damu vimkute nyumbani. Ama asafishwe palepale kwa mashine ya kunyonya, dakika chache, apumzike, arudi. Nikadakia kwa hotuba yako ya jana, bwana daktari wa kochi: "Vidonge! Nyumbani ndiko kwenye siri."

Woinshet akanigeukia. "Siri, kwenye ua ule? Nikijilaza mchana tu, Mama Abonesh na wenzake wameshafika na mkaa na birika la kahawa kuniuguza, na hawaondoki mpaka kikombe cha tatu. Nitokwe damu katikati yao? Nitasafishwa hapa."

Basi ndiyo hivyo. Akirudi, kochi ni lake.

Kaka yako

Nilisahau. Nilijaribu tena: "Lakini mke wangu, Surafel anasema vidonge..."

"Basi aje avimeze yeye."