Ubao wa Kitanda cha Baba Yako

Burito,

Nimekwenda Butiama kwa mjomba wako Mseti, nitalala huko. Dagaa ziko juani, zianue kabla ya mvua. Mdogo wako Brenda akitoka shule mpe maharage, yako kwenye sufuria kubwa.

Sikuwa na mpango wa kusafiri. Asubuhi nilifungua chumba cha marehemu baba yako nifagie. Nikavuta kitenge kilichofunika kitanda, nikakuta ubao wa kichwani haupo, umekatwa kwa msumeno! Nikakufuata mbio hadi karakana kwako Kamunyonge. Ukanionyesha gitaa jipya la umeme ulilolichonga, linang'aa vanishi, na wewe unacheka.

"Mama, ubao wa mninga mkavu namna hii siku hizi haupatikani."

Nikakuambia, "Hata baba yako naye hapatikani." Ukaacha kucheka. Afadhali uliacha, maana ningekuchapa mbele ya wateja wako, na ndevu zako hizo.

~~Ungeniomba ningekupa.~~ Hata ungeniomba nisingekupa.

Baba yako alipougua alikuwaga anashika ubao ule ajiinue mwenyewe, hataki kusaidiwa. Mkono wake uliacha alama pale. Nimelipapasa gitaa lako lote nikiitafuta. Umeipiga msasa ikaisha, Burito.

Usinipigie simu. Usimtume padri. Jumapili lipige kanisani kama ulivyowaahidi wanakwaya, ila nisisikie unawatangazia watu kwamba ni ukumbusho wa baba yako.

Mama yako