Siku Tatu Baharini na Shemeji

Chumba cha Juu,
Karakana ya Matanga,
Jumanne, 9 Septemba.

Kwako Dada mpendwa,

Hujambo huko uliko? Yale mafua uliyoyataja mara ya mwisho yameisha, au bado unajitibu mwenyewe kama ilivyo desturi yenu watu wa hospitali? Huku hatujambo kwa kiasi. Mama magoti yanamsumbua ila mdomo uko salama. Kitinda mimba wako ameng'oka jino la mbele, na kila apitaye mlangoni lazima aonyeshwe pengo.

Utashangaa kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Simu yetu inasikika nyumba nzima, na mambo ninayotaka kukueleza yanamhusu mumeo. Tafadhali soma mpaka mwisho kabla hujakata shauri lolote. Nakujua.

Unakumbuka ile yoti niliyokuwa naishonea matanga, ya yule mwenye hoteli? Ilikuwa tayari, ikatakiwa kupelekwa kwenye hoteli yake, mwendo wa siku tatu kandokando ya pwani, tukitia nanga kila jioni. Nahodha alikuwa Shemeji. Alimchukua fundi wake wa injini, yule mliyempa jina la Kimya kwa sababu hanyamazi. Mimi nikaambiwa niende nikaone matanga yangu yanavyokaa kwenye upepo. Watu watatu tu.

Sasa tulipotoka gatini, Kimya alikuwa kimya kweli. Hapo ndipo nilipoanza kuingiwa na wasiwasi.

Asubuhi hiyo nilimpelekea Shemeji chai kwenye usukani. Nilisimama ubavuni kwake, mkono wa kushoto, nikamnyooshea kikombe. Hakupokea. Nikadhani amenuna. Nilipomwita akageuza kichwa chote kama kuku aliyesikia mwewe, mkono wake ukakipiga kikombe, chai ikamwagika yote. Akanilaumu mimi. Baadaye alipoinuka nilifungua chupa yake ya maji nikainusa, Mungu anisamehe. Yalikuwa maji.

Kisha nikaona kwamba Kimya habanduki mgongoni kwake. Alimtajia kila kitu kwa sauti ya chini: kina mita kumi, wavuvi upande wa kulia, upepo unageuka. Nahodha wa miaka ishirini kazini anasomewa namba kama mtoto wa darasa la kwanza! Nikisogea, wote wawili wanaanza kuzungumzia mawingu kwa sauti kubwa, na mbinguni hamna hata wingu moja. Nikajiambia, hawa wana lao. Tena nikafikiria mambo mabaya, Dada. Nilikwenda kupekua kila kabati la yoti ile nikitafuta mzigo usio halali. Nilikuta makoti ya kuelea na bati la biskuti.

Siku ya pili mchana tulifunga gati katika bandari ndogo ili kuchukua maji. Shemeji akasema anakwenda kutafuta kamba. Alikaa saa mbili. Aliporudi hakuwa na kamba. Alikuwa na mwanamke.

Naandika nilichokiona, wala siongezi chumvi. Mwanamke wa makamo, blauzi ya buluu, amemshika mkono juu ya kiwiko, wanatembea polepole wameegemeana. Alimfikisha mpaka kwenye ngazi za gati, akamwambia jambo wakacheka, akampigapiga begani, akaenda zake. Nilimwuliza Shemeji kamba iko wapi. Akasema zilikuwa nyembamba. Nikamwuliza yule ni nani.

"Nani?" akaniuliza.

Nilishuka chini kupika, na kila kitunguu nilichokikata siku ile nilikikata kwa hasira kwa niaba yako. Alipopanda tena juu nikafungua mfuko wake. Najua si heshima kupekua mfuko wa shemeji. Ndani ya leso nilikuta kichupa kidogo, kimejaa nusu, karatasi yake imebanduliwa kwa ukucha. Mtu habandui karatasi ya dawa ya kikohozi. Nilikirudisha kama kilivyokuwa, na kuanzia hapo nikawa nachota chakula changu mwenyewe moja kwa moja kutoka sufuriani.

Siku ya tatu, kwenye saa nne asubuhi, tulifika kwenye mlango wa bahari kati ya mwamba na nchi kavu. Njia pale ni nyembamba. Boya jekundu lazima libaki kushoto, la kijani kulia, na katikati hamna nafasi ya kubahatisha. Upepo ulikuwa mkali, matanga yamejaa vizuri, mshono wangu haukuvuta hata mahali pamoja. Hapo injini ikazima. Kimya alikuwa chini, mikono ndani ya mafuta mpaka viwiko. Shemeji akamwita mara moja, mara mbili. Kimya akajibu kwamba hawezi kuacha, mpira wa mafuta umechomoka.

Mimi nilikuwa mbele, omoni. Niliona boya jekundu, kubwa kama tangi la maji, likija upande usio wake. Nikapaza sauti nikasema boya liko kulia. Shemeji akageuza kichwa, akatazama mbele, akatazama mbali, akapitisha macho juu yake bila kuyasimamisha hata kidogo. Maji yalikuwa yameacha kuwa ya buluu. Niliona mchanga chini, kisha mawe.

Dada, nilielewa pale pale, wakati mmoja, kile kikombe na zile namba na yule mwanamke. Nilikimbia nyuma nikaketi karibu naye, nikaweka mkono juu ya wake kwenye usukani.

"Shemeji, huoni," nikamwambia.

Hakubisha. Aliuachia usukani taratibu. "Niambie unachokiona," akasema, "nami nitakwambia la kufanya."

Basi nikamwambia. Rangi ya maji, upande mawimbi yanakovunjikia, boya liko wapi na linakwenda wapi. Yeye alifumba macho kabisa, akaamuru kila kitu kana kwamba amekaa kwake sebuleni: sukuma mbali nawe, shikilia, legeza kamba ya tanga kubwa, ngoja, ngoja, sasa vuta. Mkuku, uti wa chini wa chombo, ulikwaruza mwamba mara moja, mlio kama wa mwiko chini ya sufuria, ukaingia mpaka mifupani. Kisha boya likapita kushoto kwetu, karibu kiasi cha kuweza kuligusa kwa ufagio, na maji yakarudi kuwa ya buluu.

Kimya alipotoka akatuona, akaona ni nani ameshika usukani. Akaketi kwenye ngazi akajifuta mikono kwa muda mrefu. "Afadhali amejua," akasema.

Ni presha ya macho. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia linaona mbele tu, kama mtu achunguliaye ndani ya bomba. Ana mwaka mmoja na nusu nayo. Kichupa ni cha matone. Yule wa blauzi ya buluu ni muuguzi wa kliniki ya macho, alimshika kwa sababu ngazi zile hazina kingo. Haya yote aliniambia akiwa ameelekeza uso baharini. Nilimwuliza jina la kliniki, akataja jina. Nilimwuliza daktari amesemaje kuhusu jicho lililobaki, akasema watalihifadhi, lakini alijibu haraka mno. Hapo sikumwamini.

Sababu ya kukuficha ni masomo yako. Anasema ukijua utaacha mwaka wa mwisho na kurudi, halafu nyumba itabaki na muuguzi nusu na nahodha nusu. Akaniomba nisikwambie. Nilikataa. Nilimwambia tumbo langu halikuumbwa kuwa kabati la siri za mume wa dada yangu. Tulipoona paa la hoteli akasema, "Basi mwandikie. Ila mwambie chombo kimefika."

Kimefika kweli. Na nilimwambia mwenye hoteli mwenyewe kwamba mkuku umekwaruzwa na sababu yake, Shemeji amesimama palepale kando yangu. Sikutaka yasikike kwa mdomo mwingine. Mzee yule alimshika mkono kwa muda, hakusema neno baya.

Mpaka hapo barua hii nimemsomea mumeo, juzi, nikiwa nimekaa upande wake wa kulia. Alicheka penye vitunguu. Aya inayofuata sitamsomea.

Jana nilimsikia akizungumza na Kimya uani. Kuna mwenye yoti nyingine anayetafuta nahodha mwezi ujao, njia ya miamba vilevile. Nilipotokea, wakaanza kuzungumzia mawingu. Safari hii nimekwenda kwa Kimya nyumbani kwake, nikaketi mpaka akaniapia mbele ya mkewe kwamba hatapanda chombo na nahodha huyo. Lakini nahodha hatakosa Kimya mwingine. Atakubali kuacha usukani ukimwambia wewe, si mimi. Usirudi, maliza mwaka wako. Ila ukipiga simu ile ya picha, usimwulize anaendeleaje, maana atakwambia hajambo. Mwambie akutajie, bila kugeuza kichwa, rangi ya kitenge cha Mama aliyeketi pembeni yake. Kisha unyamaze, umsikilize.

Mama anakusalimu na anauliza kama unakula. Mjomba mfua vyuma anakusalimu. Kitinda mimba anakutumia jino lenyewe, limo ndani ya karatasi hii, usilitupe. Mola akulinde, na akupe macho ya kuona hata kilicho mbali.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukinikasirikia,

Mshona Matanga