Vijitumbo vya Dada Vimepona, Dada Kaacha Dawa

Mshauri mpendwa, nisaidie maana kichwa changu hakinitoshi tena, mimi ni fundi wa maabara na kazi yangu ni kulea vijitumbo, ndivyo tunavyoviita, yaani mgonjwa anakatwa kipande cha utumbo kidogo kama punje ya mchele, tunakuza seli zake kwenye sahani mpaka zinajikunja na kuwa viutumbo vya kuonekana kwa hadubini, halafu tunavijaribia dawa kabla mtu yeyote hajaimeza, sasa dada yangu mkubwa ana vidonda vya utumbo na alikubali kutoa kipande, vyake nikavilea mwenyewe, asubuhi navisalimia utadhani wanangu, tukavichokoza vikaumwa, tukavitia dawa mpya vikapona, nikashindwa kujizuia nikavipiga picha nikamwonyesha, akalia kwa furaha na mimi nikalia, sasa kaacha dawa zake za hospitali, nikimuuliza anasema, "Mdogo wangu, si ulisema ni vyangu? Kama vimepona, mimi naumwa nini?" na mama anamuunga mkono, na mimi nakosa jibu kwa sababu kweli vimetoka kwake, juzi nimemkuta kajikunja kwenye sakafu ya bafu anasema kachoka tu, naogopa sana, na kazini wakijua nilitoa picha nafukuzwa, nifanye nini?

Mdogo Mtu

*

Mdogo Mtu,

Pole. Furaha ikizidi mdomo hauna breki, nakuelewa. Lakini umelikoroga, mwanangu.

Unasema huna jibu, na jibu unalilea kila siku kazini! Hicho cha kwenye sahani kimewahi kula? Kina damu? Kina ini? Kimewahi kukosa usingizi kwa mawazo? Kinaogelea tu kwenye maji uliyokichanganyia wewe. Dawa iliyokiponya, dada yako hajaionja hata tone. Vidonda vyake viko palepale, na sasa havina dawa yoyote.

Eti kachoka. Aliyechoka hulala kitandani. Weka gazeti chini, mpeleke kwa daktari leo, na useme mbele yake kwamba kaacha dawa, hata akikununia. Mama naye mweleze hivyohivyo. Kisha nenda kwa mkuu wako ukamwambie habari ya picha kabla hajaisikia kwingine. Huenda ukafukuzwa, sikudanganyi.

Vijitumbo vikifa, mna vingine kwenye friji, mtayeyusha muanze upya. Dada yako mwingine mmemweka wapi?