Bi Tunu Anataka Ufunguo

Mama Hamisi, mke wangu uliyenitangulia bila kuniaga sawasawa,

Nakuandikia mchana huu kwa mkono wangu mwenyewe. Sikumwita karani wa sokoni, yule anayewatia watu maneno ambayo hawakuyasema. Herufi zangu unazijua, kubwa, zimekaa mbalimbali kama wapagazi waliochoka. Lakini zinafika. Mimi sijaanza safari nikashindwa kufika, na Tabora nzima wanalijua hilo, anayebisha na aje.

Nina neno la haraka. Kesho asubuhi mwanamke anataka kuingia chumbani kwako na ufagio. Anaitwa Bi Tunu. Nisipompa ufunguo haji tena. Asipokuja, Hamisi atashuka kwenye gari la moshi kesho adhuhuri, atanikuta ndani ya uchafu, na atanichukua kunipeleka kwake Kaliua nikafie kwenye nyumba ya reli. Na nikimpa ufunguo, nimevunja neno lako. Ndiyo maana nimekaa hapa uani na kalamu, na chai imepoa.

Neno lako silisahau. Walipokuweka kwenye machela kukupeleka hospitali, ulinishika kanzu ukasema, "Chumba changu mtu asikiguse mpaka nirudi." Nikaitika mbele ya watu. Hukurudi. Mimi nikafunga mlango, ufunguo nikautia kwenye mkoba wa kiunoni, na haujatoka humo.

Arobaini yako ilipokwisha, dada zako walikuja kugawana nguo zako kama ada ilivyo. Niliwakalia mlangoni. Yule mkubwa akasema nimeingiliwa na shetani, nguo za marehemu hazilali ndani, huvaliwa na walio hai wakamwombea. Nikamwambia nguo za mke wangu si nyama ya sadaka. Akatema mate chini, akaondoka na wenzake. Hata Idi hawanijii. Na wasije. Nimekula Idi peke yangu porini Ugogo na simba wanasikiliza, sembuse hapa kwangu.

Unakumbuka nilivyokuja kukuposa kule Itetemia? Nilikuwa nimetoka Pwani na kanga mbili begani, mabega yangu yamevimba kama ya ng'ombe dume. Baba yako akaniuliza nimebeba nini njiani. Nikamwambia pembe ya tembo iliyowashinda wanaume wawili, nikaibeba mimi mpaka Bagamoyo. Wewe ulikuwa nyuma ya mlango, nikakusikia unacheka. Tulipokwisha kuoana ndipo ukaniambia ulichokuwa unachekea. Ulisema, "Pembe hutuliwa kambini. Nyumba haituliwi." Nilidhani ni maneno ya wanawake.

Na kweli ulikuwa huitui. Kila kiangazi ulichimba udongo wa kichuguu, ukauponda, ukausiriba sakafuni kwa kiganja, unarudi kinyumenyume mpaka mlangoni, na ole wake atakayekanyaga kabla haujakauka. Mwaka ule nilikanyaga mimi, nimetoka mnadani na mawazo yangu. Unyayo ukabaki katikati ya ukumbi. Nilitegemea matusi. Wewe ukauangalia, ukasema uachwe, wageni wajue humu anafugwa tembo. Tukacheka mpaka jirani akagonga kuuliza kuna nini.

Usifikiri sikujaribu kuishika nyumba. Nilisiriba mwenyewe. Sakafu ikakauka, ikapasuka kama kisigino cha mkulima, papasi wakaingia kwenye nyufa na wakaniuma. Homa ya papasi unaijua. Nililala kitandani natetemeka, nikiita majina ya wapagazi waliokwisha kufa. Hamisi akapelekewa habari na majirani, akaja. Alisimama ukumbini, kofia yake ya reli mkononi, akazungusha macho, wala hakukaa. Aliponiona nimepona kidogo akasema nichague. Ama nitafute mtu wa kusafisha nyumba, ama nifunge mzigo tukakae wote Kaliua.

Kaliua nimekwenda mara moja. Mtoto wetu anakaa chumba na nusu na watoto wake, gari likipita vikombe vinacheza ngoma mezani. Watu wa huko wananiita "babu" tu. Hawajui nimebeba nini. Mtu asiyejulikana alichobeba, Mama Hamisi, huyo tayari ni maiti, bado kuoshwa.

Nikakubali kutafutiwa mtu. Wa kwanza alizisogeza njuga zangu za safari akazitundika jikoni, nikamfukuza. Wa pili alikuwa akifagia anaimba nyimbo za harusi. Naye nikamfukuza. Hamisi akaleta salamu kwa mtu wa reli kwamba atakuja mwenyewe Ijumaa, na safari hii atakuja na kamba ya kufungia mizigo.

Ndipo jirani akanielekeza kwa Bi Tunu. Huyu si mtumishi wa mtu. Zamani alisafisha nyumba za Wazungu kule stesheni, akaacha. Sasa ana ndoo yake, fagio zake na matambara yake, anakwenda nyumba anayoitaka, asiyoitaka haendi. Watu humfuata kwake Ipuli wakambembeleza kama fundi wa nguo za harusi. Mimi sikumbembeleza. Nilituma mtu.

Alikuja, mwanamke wa makamo, mrefu, kanga ameifunga kiunoni kama mtu anayekwenda vitani. Alisimama ukumbini, akatazama utando wa buibui kule juu, akanitazama na mimi. Akasema, kwa sauti ya kuvuta ile ya watu wa Pwani, "Shikamoo mzee. Nyumba hii huoga lini?"

Hapo nikafurahi. Nikajua ni Mzaramo. Mtani! Wewe unajua utani wetu wapagazi na Wazaramo tuliuokota njiani tukipita kwao na mizigo, wanatutukana, tunawatukana, na anayekasirika hana akili. Tangu ufe, hakuna mtani aliyeingia humu kunitukana vizuri. Kwa hiyo nikamjibu kiutani. Nikamwambia itaogeshwa siku atakayokufa yeye, maji yatakayobaki kwenye maiti yake ndiyo tutayamwaga humu, na sanda yake tutafanya tambara la kudekia.

Nikacheka. Nilicheka peke yangu.

Aliweka ndoo chini taratibu. Akasema, "Mzee, mimi si mtani wako. Mimi ni Mmanyema wa Ujiji."

Mama Hamisi, nimekutana na Wagogo na mikuki yao, sikurudi nyuma. Siku ile nilirudi hatua nzima. Umemtajia sanda mtu ambaye huna utani naye, tena mgeni, tena ndani ya nyumba yako. Hayo si maneno ya mdomoni, hilo ni apizo. Nilifungua kinywa niseme neno, likaja la kijinga. Nikamwambia basi aongee kama Mmanyema, watu wasimdhanie. Akachukua ndoo yake, akatoka. Hakubamiza mlango hata. Angalau angeubamiza.

Nilikaa siku nzima nikijiambia asirudi, wanawake wa kufagia wamejaa mji huu. Lakini kila nikiangalia mlango niliiona ile kamba ya Hamisi. Asubuhi nikakamata jogoo, nikafunga miguu yake, nikaenda Ipuli kwa mguu. Usicheke. Sikwenda kuomba radhi. Nilikwenda kutembea, na jogoo alikuwa mkononi.

Nilimkuta anafagia uani kwake. Hakuacha. Akanisimamisha juani mpaka alipofika kona ya mwisho, kisha akakung'uta ufagio, ndipo akanigeukia. Nikamwambia, "Jogoo huyu kapotea njia, nimemsindikiza."

Akasema, "Na wewe mzee, nani kakupoteza?"

"Mdomo wangu."

Hakucheka, ila alimpokea jogoo. Akasema atakuja, lakini yeye hasafishi nyumba nusu. Akisafisha, husafisha nyumba nzima. Nikasema ndiyo, nzima, nzima. Mtu akiwa juani hukubali mengi.

Jana na leo amefanya kazi, na kazi yake siwezi kuisema vibaya hata nikitaka. Amezikanda nyufa zote za ukumbi, papasi amewamwagia maji ya moto, sinia ya shaba ameisugua kwa majivu na limau mpaka nimejiona uso, nikajuta kujiona. Njuga zangu ameziuliza kwanza, kisha akazifuta na kuzirudisha msumarini palepale. Adhuhuri ya leo akafika kwenye mlango wako. Akachutama. Akaniita.

Chini ya mlango, Mama Hamisi, kuna njia za udongo, nyembamba kama vidole, zinatoka ndani ya chumba chako na kupanda ukutani. Mchwa.

Akaniambia, "Mzee, chumba hiki kifunguliwe."

"Hicho kina mwenyewe."

"Yuko wapi?"

"Kasafiri."

Akavunja kidogo ile njia kwa ukucha. Vikatoka vyeupe, vinahangaika. Akasema, "Mwenyewe kasafiri, mchwa hawakusafiri." Nikamwambia akafagie jikoni. Akasema jikoni kumekwisha. Akasema akiwaacha humu, masika hayatapita watakuwa wamefika kwenye boriti, na paa likianguka watu watauliza nani aliyekuwa akisafisha, nao wataambiwa Tunu. "Sina duka, mzee. Jina langu ndilo duka langu. Kesho asubuhi utanipa ufunguo, ama nisije tena." Akajitwika ndoo.

Sasa nakuuliza, na najua hunijibu. Naogopa. Sijawahi kuliandika neno hilo. Siogopi mchwa. Naogopa kufungua nikute walichoacha.

*

Mke wangu, naendelea. Ni Ijumaa, alasiri imekwisha kuswaliwa.

Bi Tunu alikuja jua halijapata nguvu. Alisimama tu na ndoo yake mbele ya mlango wako. Nikautoa ufunguo kiunoni, nikashindwa kumpa, nikafungua mwenyewe.

Nitakwambia kama kulivyo, maana hukupenda kubembelezwa. Mkeka uliokuwa ukiukalia ulikuwa udongo wenye umbo la mkeka. Godoro wamelipitia chini, juu lilionekana zima, nililipoweka mkono likazama. Sanduku lako la kanga lilisimama vizuri na kufuli lake. Bi Tunu akalisogeza, kumbe chini limeliwa lote. Alinyanyua kanga moja, ikaja pindo tu, katikati ikamwagika kama unga.

Nikamfokea. Nikamwambia atoke, aache, asiguse. Nilimwita mwizi. Pumzi iliponiishia, akavuta kigoda akanikalisha mlangoni. Akasema, "Kaa. Sitatoa kitu bila kukuuliza." Na hivyo ndivyo alivyofanya. Alinyanyua kila kitu, akaniuliza hiki? Nikatikisa kichwa ama nikaitika. Kibuyu chako cha mafuta, kimepona. Bakuli la kuchanganyia wanja, limepona. Kiatu kimoja. Kanga nne za juu kabisa zilipona, zina harufu ya udongo sasa, si yako. Hizo nimempelekea dada yako mkubwa, kwa mkono wa mtoto wa jirani, bila salamu. Ataelewa.

Kitanda tulikitoa wote wawili, yeye kichwani, mimi miguuni. Akachimba kwenye pembe ya ukuta mpaka akamkuta malkia wao, mnene kama kidole gumba. Akamwaga mafuta ya taa, akaziba, akasiriba. Alirudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Nikatazama pembeni.

Hamisi aliingia sakafu bado mbichi. Kamba ilikuwa begani. Akaniamkia, nikamwitikia marahaba. Alipita ukumbini, akapita jikoni, akafika kwenye chumba chako akaona mlango wazi na ndani hakuna hata msumari. Mtoto mzima, ana ndevu, akachutama palepale akafunika uso kwa kofia ya reli. Bi Tunu akachukua ndoo akaenda nje kuchota maji ambayo hayakuhitajika.

Hamisi alipoinuka akasema, "Baba, basi. Kaa kwako."

Nilimwambia nimekaa hapa kabla yeye hajazaliwa, sihitaji ruhusa.

Hamisi amepatana na Bi Tunu awe anakuja kila Alhamisi. Mimi nimeweka sharti asiimbe. Yeye ameweka lake, nisimtanie. Tumekubaliana kwa shida.

Kwa hiyo, Mama Hamisi, jua hivi. Nilidhani nikifungua nitakosa neno langu kwako, na nisipofungua nitaikosa nyumba. Hesabu yangu haikuwa sawa. Nyumba nimebaki nayo. Wewe ndiye uliyehama leo, na miguu ya kitanda niliishika mimi. Nimekaa kwenye kizingiti naandika haya, natazama ndani. Chumba ni kikubwa kuliko nilivyodhani. Sijui uliwezaje kukijaza peke yako.

Ulisema mpaka urudi. Usirudi. Pumzika. Nitakuja mimi, kwa mwendo wangu, wala usinitumie mtu.

Mimi mumeo,
Baba Hamisi