Walikula kwa Bibi Wakashiba

Kisesa,
S.L.P. 38,
Magu, Mwanza.

9 Oktoba, 1994

Mpendwa Kaka Nathaniel,

Shikamoo. Habari za Morogoro na za kiwandani? Wifi Justa hajambo? Na Chenge je, ameanza kutembea au bado anashika ukuta? Mama alimwota juzi yuko mgongoni kwake, akaamka akisema lazima mtoto ameota meno. Tuambie kama ni kweli, maana amekwisha kuwatangazia majirani.

Sisi huku ni wazima wa mwili. Kifua cha Baba kimetulia. Mama ameacha kuuza vitumbua, siku hizi anauza mitumba gulioni, na kila Jumatatu anarudi amechoka lakini anacheka. Mvua za vuli bado zinatudanganya, mawingu yanakuja yanaondoka.

Baada ya salamu, kaka yangu, nina hasira, na sitaki kukuficha. Baba atakuandikia, kama hajakuandikia tayari, kwamba Bibi anakuja kwako kupumzika. Atasema miguu inamsumbua na hewa ya milimani itamfaa. Usiamini. Miguu ya Bibi ni mizima kabisa. Majuzi tu amemfukuza mbuzi wa watu kutoka kwenye mihogo yetu mpaka barabara ya lami. Bibi anahamishwa, na nataka ujue sababu kutoka kwangu, kwa kuwa yote yalianza na wageni wangu.

Wewe ulisoma bweni, unajua chakula chake. Tulipoambiwa wazazi wachangie gharama tulidhani maharage yatapona wadudu. Wadudu wapo pale pale. Kwa hiyo tulipopewa ruhusa ya mwisho wa wiki mwezi wa nane, niliwaalika wenzangu wawili wa darasani waje kwetu wale chakula cha nyumbani, walale, turudi Jumapili. Mmoja ni Zakia, ambaye baba yake ni fundi cherehani mjini. Mwingine ni Queen. Wazazi wa Queen wanakaa Igogo, wananunua sangara na kuwapeleka kwenye hivi viwanda vipya vya minofu. Kwao kuna friji na televisheni, lakini wazazi wenyewe wako barabarani na ziwani muda wote. Aliniambia hajawahi kula chakula alichopikiwa na bibi yake.

Bibi Kija aliposikia wageni wanakuja alifurahi kuliko mimi. Aliuliza jambo moja tu: "Kuna kitu wasichokula?" Nikamwambia Zakia ni Mwislamu. Basi alimshika jogoo wake mwekundu, yule wa kuamkia, akampeleka mwenyewe kwa Mzee Yahaya wa dukani akachinjwe. Akarudi akasugua chungu kwa majivu na mchanga mpaka nikamwambia kitatoboka. Hakuna aliyemtuma kufanya hivyo. Alisema mtoto wa mtu asije akala kwetu huku moyo unamsuta.

Alipika tangu mchana. Jogoo, nsansa yake ya majani makavu ya kunde kwa karanga, ugali wa mtama, na sato ambao Mama aliwaleta kutoka mwaloni, kule wavuvi wanakoshushia. Kuni hapa zimekuwa shida kuliko ulivyoziacha, kwa hiyo anapikia mashina ya pamba na mavi makavu ya ng'ombe. Moshi wake unaujua. Macho ya Bibi yalivimba, yakawa mekundu, kama yalivyokuwa tangu sisi tuko wadogo. Queen alikaa naye jikoni akimenya karanga, akawa anatoka nje kila mara kufuta machozi. Bibi akamcheka, akamwambia, "Mjukuu wangu, kaa upande ule, moshi hauna adabu kwa wageni." Haya Queen aliyaona kwa macho yake mwenyewe. Nakuomba ulikumbuke hilo unaposoma mbele.

Walikula, kaka. Zakia alikula kwa staha kama alivyo, lakini Queen alimaliza nsansa akaomba ukoko wa ugali. Bibi aliwapa kitanda chake wote wawili, yeye akajitandikia ngozi ya ng'ombe sakafuni, na Queen aliposema anaogopa fisi Bibi alimshika mkono mpaka akasinzia. Asubuhi alikuwa amekwisha kuwachemshia maji ya kuoga na viazi. Akawafungia karanga na michembe ya viazi vikavu ya kula njiani. Queen alimkumbatia, akamwambia atarudi.

Siku chache baadaye Queen akashikwa na homa kali. Malaria. Nusu ya bweni letu ilikuwa imelala na malaria wiki hiyo, wasichana ambao hawajui hata Kisesa iko upande gani. Hao nao aliwaroga nani? Lakini mama yake alikuja kumchukua zahanati kabla hajamaliza dawa, akampeleka kwa mganga apige ramli.

Mganga akasema mtoto amelishwa kitu na mwanamke mzee mwenye macho mekundu, anayekaa upande wa mashariki ya mji. Watu wakashangaa mganga amejuaje. Amejuaje nini? Queen njia nzima alikuwa akimsimulia mama yake jinsi alivyokula kwetu, alivyopikiwa na nani, na moshi ulivyokuwa mkali. Mama yake akamsimulia mganga, mganga akamrudishia yale yale, naye akayapokea kama habari mpya.

Jumatatu ya gulio, barabara imejaa watu, pikapu yao ya samaki ikasimama mbele ya nyumba yetu. Mimi nilikuwa nyumbani, tumerudishwa kwa ajili ya mchango wa madawati. Akashuka mama yake Queen na wanaume wawili. Mama yetu akawapokea, akidhani wamekuja kwa wema.

"Sikuja kukaa," akasema yule mama. "Nataka yule mzee wenu amfungue mtoto wangu."

"Amfungue nini?" Mama akauliza.

"Yeye anajua."

Bibi alisikia sauti za wageni akatoka jikoni na kigoda mkononi, akikipangusa kwa upande wa kanga. Akasema, "Karibuni, wanangu. Mgonjwa wetu anaendeleaje?"

Yule mama akarudi nyuma, akajifunika uso kwa mtandio. Akawaambia wale wanaume, kwa sauti ya kusikika mpaka gulioni, "Msimwangalie machoni."

Kaka, nimeona mambo, lakini sijawahi kuona kitu kama uso wa Bibi wakati ule. Alibaki amesimama na kigoda. Hakujua akiweke wapi. Halafu akasema polepole, "Mwanangu, mimi nilimpa binti yako kitanda changu. Mtu anayetaka kukudhuru hakupi kitanda chake."

"Ndivyo mnavyowapata," yule mama akajibu.

Sasa sikiliza kilichoniumiza zaidi. Baba alifika akitoka shambani, akakuta watu wamejaa uani. Nilidhani atawafukuza. Badala yake alimwita yule mama pembeni, akamwambia, "Mama, kama kuna lolote limetokea, tusameheane." Tusamehewe nini? Chakula? Kitanda? Neno hilo moja lilitosha. Waliokuwa wamesimama pale waliondoka wakisema mtoto wa Bibi mwenyewe amekiri.

Tangu siku hiyo watu wamebadilika. Wale akina mama ambao Bibi aliwapokea watoto wao kwa mikono yake, sasa wanawaita watoto hao ndani akipita. Kisimani wanasogeza ndoo. Mmoja alimrudishia ungo aliouazima tangu mwaka jana, akauacha mlangoni bila hodi. Wiki iliyofuata tuliamka tukakuta mlango wa jiko la Bibi umechorwa panga kwa mkaa. Baba akaufuta haraka kabla Bibi hajatoka, lakini Bibi alikuwa ameamka kabla yetu sote. Alikwisha kuuona, akaenda kukamua ng'ombe kama kawaida.

Unamkumbuka yule mama mzee wa kijiji cha pili aliyekuwa akifinyanga vyungu? Walimkata mapanga mwaka jana, kisa macho yake. Maisha yake yote alikaa kwenye moshi wa kuchomea vyungu. Baba alikwenda kwa sungusungu wakamwambia watajitahidi, lakini hawawezi kulinda nyumba moja kila siku. Ndipo akaamua kumleta kwako.

Niligombana naye. Nilimwambia kumwondoa Bibi ni kuwapa ushindi. Hakunipiga wala hakufoka. Alisema, "Suzana, ninataka mama yangu awe hai. Heshima yake nitaipigania akiwa hai." Lakini hasira haiondoki eti kwa kuwa Baba ana sababu. Aliyezusha uongo analala kwake Igogo na feni juu. Aliyepika ndiye anafungasha.

Queen alirudi shuleni amepona, kwa dawa za hospitali alizomalizia baadaye, ila mganga ndiye aliyesifiwa. Nilimfuata bwaloni.

"Mimi sijasema chochote," akaniambia. "Ni mama."

"Na wewe ulimwambia mama yako nini kuhusu macho ya Bibi?"

"Aliniuliza kama ni mekundu. Nikasema ndiyo."

"Ulimwambia kwa nini ni mekundu?"

Akaanza kulia, akasema mama yake hasikii akishaambiwa jambo na mganga. Nikamwambia, "Basi mimi ningekuwa wewe ningemwambia mpaka anipige." Sijazungumza naye tena. Zakia ananiambia nimhurumie, kwamba naye ni mtoto tu kama sisi. Labda siku moja. Kwa sasa siwezi, na sitajilazimisha.

Lakini Zakia, kaka, huyo mpe heshima yake popote utakapomsikia. Wasichana walipoanza kunong'ona kwamba nimekuja na karanga za Bibi, alizichukua mbele yao akazila zote, akawauliza kama wanataka kumpima homa. Na Jumamosi moja mwezi uliopita, nikiwa nyumbani kwa ruhusa, alikuja hapa Kisesa bila kualikwa, akiwa na mama yake. Walipita katikati ya gulio dogo la jioni, wakawa wanauliza watu, "Kwa Bibi Kija ni wapi?" ilhali Zakia anapajua vizuri. Alitaka wasikie.

Mama yake akamwamkia Bibi shikamoo, akakaa chini jikoni kwenye moshi, akasema, "Mama, mwanangu amenisumbua na hiyo nsansa yako. Nimekuja nijifunze." Bibi akapika. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ya pikapu nimsikie akiimba jikoni.

Chakula kilipoiva aliwapakulia. Kisha akafanya kitu ambacho hajawahi kukifanya maishani. Alimega tonge kwenye sahani ya mgeni, akachovya, akala yeye kwanza mbele yao, akameza, akafungua mdomo kidogo waone. Ndipo akawasogezea. Alifanya hivyo kama mtu anayefuata sheria.

Mama yake Zakia alimshika mkono, machozi yakamtoka, na sidhani ulikuwa moshi. Alisema, "Mama, usinifanyie hivyo." Bibi akajibu, "Ni vizuri tu, mwanangu. Mtu ale akiwa na amani."

Sasa anatufanyia na sisi. Mama akipakuliwa, Bibi anaonja kwanza. Mimi nikitoka shule, anaonja kwanza. Mama amemkataza mpaka amechoka. Mjukuu wake aliyemlea mgongoni, kaka, anamwonjea chakula kama mtu wa mbali. Hilo ndilo walilotufanyia. Mkaa tuliufuta mlangoni, hili hatujui tulifute kwa nini.

Baba atamleta mwenyewe kwa treni, kabla mvua hazijachanganya. Atakutumia telegramu kukuambia siku. Nenda stesheni mapema, na umtafute kwenye behewa la daraja la tatu, atakuwa ameshika kikapu chake hataki mtu amsaidie. Usimuulize habari za huku. Asipopenda kuzisema, mwache.

Msalimie sana Wifi Justa, mwambie namshukuru mapema, najua atakubali kabla hajaombwa. Chenge mbusu mashavu yote mawili. Mama anawasalimu, na Mzee Yahaya amesema nisisahau jina lake. Zakia naye anakusalimu ingawa hamjaonana.

Mungu awalinde nyumba nzima, awape nguvu ya kumpokea mtu wetu.

Na jambo moja la mwisho. Wifi asimzuie jikoni. Bibi atataka kupika siku ile ile atakayofika, hata kama hajalala. Akikupakulia na kunyoosha mkono aonje kwenye sahani yako, usimwambie neno. Wewe wahi tonge kabla yake, ule, na uombe kuongezewa.

Ni mimi mdogo wako, mwenye hasira na mwenye kukupenda,

Suzana