Sala Isiyokatwa

9 Machi

Binti yangu mpenzi,

Asalaam aleikum. U mzima? Mimi najikongoja. Hii ni barua ya tatu tangu tumzike mama yako, na wewe kimya. Nimekukosea nini?

Baba yako

2 Aprili

Baba,

Waleikum salaam. Mimi mzima, ila kazini hapa hospitali tunashinda tumesimama. Fundi cherehani wa mlango wa pili hapo nyumbani ameniambia alimsikia Mama akikuita mara tatu alasiri ile aliyofariki. Hakwenda kwa sababu alijua upo ndani, unasali. Nijibu moja tu: ulisikia?

Binti yako

20 Aprili

Mwanangu,

Natumaini barua hii itakukuta salama. Nilisikia. Nikasema moyoni dunia hiyo inanivuta, nikarefusha sijida. Nilipotoa salamu nikamkuta jikoni, yuko sakafuni, mkono umeelekea kabatini. Dawa yake ya pumu ilikuwa juu kabisa, na niliyeiweka huko ni mimi.

Miaka thelathini nimefundisha madrasa kwamba sala hukatwa ili kuokoa mtu. Nimewakaririsha watoto wa watu “walioamini na wakatenda mema”, na aliyesahau nusu ya pili nilimchapa. Siku yangu ilipofika, nikaisahau mimi. Aibu inanila.

Baba yako

11 Septemba

Mwanangu,

Hujambo? Hujajibu, na una haki. Madrasa nimeacha.

Sijamaliza sala hata moja tangu Aprili. Mtu akiita nje, nakata, natoka mbio. Jana nilimkatia muuza ndoo. Akaniuliza, “Mzee, unataka ya lita ngapi?” Majirani wanasema nimeanza kuchanganyikiwa. Nikirudi kuzilipa, nazikata tena, hata kwa mlio wa paka.

Naogopa, mwanangu. Jema lililokuwa mbele yangu sikulitenda, na sasa sala nayo imenishinda. Nitakwenda kwa Mola wangu na nini?

Baba yako

30 Septemba

Baba,

Shikamoo. Sijakusamehe, nisikudanganye. Bado namsikia Mama akikuita, na mimi sikuwepo.

Nimeomba likizo. Nafika Alhamisi, kabla ya adhuhuri. Nitaweka kiti mlangoni nikae hapo. Atakayeita, nitamwitikia mimi. Wewe sali mpaka utoe salamu.

Binti yako