Deodatus Bagenda na Jarida Lake la Jumamosi

Mwaka umetimia, Baba, tangu Jumatano ile, tarehe 15 Septemba 1993, ulipotuacha.

Wengi walikujua kama mhariri wa Wakili wa Juma, jarida la mawakili na mahakimu wa Mwanza, ulilolitoa kila Jumamosi kwa miaka ishirini na sita. Sisi tulikujua ukiwa mezani, kalamu sikioni, chai imepoa, ukimsomea Mama kila ukurasa kwa sauti naye akifuata kwa kidole. "Mkato. Nukta. Aya mpya, Mama Winnie." Wenzetu walilala kwa hadithi, sisi kwa hukumu za Mahakama Kuu.

Ulikuwa mbishi, hilo tusilifiche. Lakini mjane akija na barua ya mahakama asiyoielewa, ulimweleza taratibu mpaka aelewe, na hakuondoka bila kula.

Siku ya mwisho ulimshika Mama mkono ukasema, "Justa, jarida lisife." Akakujibu, "Halitakufa."

Akajikaza. Tulipotoka kukuzika kijijini kwenu Kamachumu, akakaa kwenye kiti chako. Jumatatu alinakili mahakamani orodha ya kesi za wiki inayofuata kama ulivyokuwa ukifanya, Ijumaa ikaenda mitamboni. Ila hukumwambia mtu, Baba, kwamba kila Alhamisi jioni ulirudi kwa karani kuuliza kesi zipi zimesogezwa. Sisi tulidhani unakwenda kunyoosha miguu.

Mzee Chenge wa Mkolani alikuwa na kesi ya nyumba yake. Jarida liliandika kwamba itasikilizwa Ijumaa, kumbe mahakama ilikwisha kuiwahisha hadi Jumanne ya wiki hiyo hiyo. Wakili wake, aliyekuamini wewe kuliko ubao wa mahakamani, alifika Ijumaa na joho lake. Akakuta kesi ilifutwa tangu Jumanne, kwa kuwa upande wao haukufika. Akaomba irudishwe, akakataliwa. Mzee na wajukuu zake wakatolewa nje na vyombo vyao.

Mama alikwenda Mkolani kumwomba radhi. Alimkuta ameketi juu ya godoro, uani kwa jirani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Wewe sina neno nawe. Mimi nilimzoea Bagenda."

Mama anasema heri angemtukana. Jumamosi iliyofuata hakutoa jarida, na halijatoka tena. Mawakili siku hizi wanasoma magazeti mapya ya watu binafsi yanayoletwa kutoka Dar, na hakuna aliyekuja kuuliza. Kiwanda kilichokuchapia kimepata mwenyewe mwingine, kinachapa karatasi za kufungia sabuni. Mwanao Alexander alijaribu kutafuta pengine pa kuchapia, akachoka.

Tangu tukuzike, Mama hajakanyaga kaburini kwako. Kila tukimhimiza anatujibu, "Nikifika ataniuliza jarida. Nimwambie nini?"

Wanaokukumbuka kwa uchungu ni mkeo Justa, wanao Winnie, Alexander na Bernadetta, dada yako Kokugonza wa Kamachumu, wajukuu, na makarani wa mahakama uliowasumbua. Hutatutoka moyoni hata siku moja.

Ijumaa hii Mama anapanda meli kuja Kamachumu kwenye misa yako, kwa kuwa tumemlazimisha. Jarida limekufa, Baba. Tumekuambia sisi. Akifika, usimuulize.